Simoni Mkirene Alikuwa na Jina

Kila unapoingia mwezi wa Novemba, sisi waumini wa Unguja tunapeleka majina kanisani. Tunayaandika kwenye vikaratasi: baba, mama, bibi, mtoto aliyefariki kabla hajabatizwa, jirani asiyekuwa na ndugu wa kumwombea. Tarehe 2, Siku ya Marehemu Wote, padri anayasoma moja moja mbele ya altare. Yakiwa mengi kiasi gani, hakuna anayethubutu kumwambia afupishe. Mama aliyekaa kiti cha nyuma husubiri jina la mumewe kama anayesubiri barua, na likishasomwa hushusha pumzi. Sote tunajua kwamba jina likirukwa, mtu amerukwa.

Niseme wazi tangu mwanzo, ili msomaji asihangaike kutafuta ninakokwenda. Katika orodha zetu kuna kundi zima la watu ambalo tumeliruka kwa zaidi ya miaka mia moja. Ni wapagazi wa Unguja waliobebeshwa mizigo ya Vita Kuu ya Kwanza. Tumewaruka wao, na tumeziacha zipotee nyimbo walizotunga njiani, ambazo kwa wengi wao ndizo mali pekee waliyokuwa nayo ya kuturithisha. Nasema kwamba hilo ni kosa la Kanisa, wala si la wanahistoria peke yao. Nasema pia kwamba mimi ni mmoja wa walioliteda kosa hilo kwa mikono yao, na nitalieleza.

Ingia kanisa kuu la Mkunazini. Jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya kufungwa soko la watumwa lililokuwa mahali hapo. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa nyuma ya altare. Vipo vioo vya rangi vya kuwakumbuka mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakizifukuza jahazi za watumwa. Upo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, pale ulipozikwa moyo wa David Livingstone. Nje, uani, wapo wale watumwa wa mawe waliosimama ndani ya shimo na minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998, na wageni hupanga foleni kuwapiga picha. Basi mtu asije akatuambia kwamba Kanisa la Unguja halina desturi ya kukumbuka. Tunayo, tena tunaijua vizuri.

Sasa simama mlangoni Misa inapokwisha, umuulize kila anayetoka: nitajie mpagazi mmoja wa Unguja aliyekufa katika vita vile. Nimelifanya hilo. Wengine walinitajia Askofu Frank Weston. Mzee mmoja alinitajia manowari. Mpagazi hakutajwa hata mmoja.

Manowari ile ni kweli. Vita viliifikia Unguja alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, pale meli ya Kijerumani Königsberg ilipoikuta meli ya Kiingereza Pegasus imetia nanga mbele ya mji, mashine zake zikitengenezwa. Mabaharia 38 wa Pegasus walipoteza maisha. Makaburi yapo Chapwani, kile kisiwa kidogo tunachokiona kutoka Forodhani, na yanatunzwa. Sina neno juu ya hilo. Walikuwa vijana wa watu, walikufa mbali na mama zao, na ni haki yao kuwa na kaburi linalofagiliwa.

Lakini miaka miwili baadaye vita vilihamia bara, na huko ndiko walikokwenda wetu. Majeshi ya Kiingereza yalikuwa yakiwafukuza Wajerumani ndani ya nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Njia zilikuwa za matope, reli zilikuwa chache, na mbung'o aliwaua farasi, punda na ng'ombe kila walipopelekwa. Risasi, unga, mahema, dawa na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, vyote vilihitaji kufika mbele. Kilichobaki cha kuvibebea kilikuwa kichwa cha mwanadamu. Katika muda wa vita, Waingereza waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja, na hesabu ya serikali yenyewe inakubali kwamba waliokufa walizidi 40,000. Watafiti wa baadaye wanaona kwamba waliokufa hasa walikuwa wengi zaidi ya hao. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu, njaa, na unga uliopikwa nusunusu kwa watu ambao matumbo yao hayakuuzoea.

Fikiri maana yake kwetu. Katika kisiwa hiki hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897. Mwaka 1916 yupo kijana wa Mbweni au wa shamba ambaye baba yake, au mama yake, alishushwa kutoka kwenye jahazi akiwa mtumwa, akaachwa huru, akapewa kipande cha ardhi na jina la ubatizo. Kijana huyo, aliyezaliwa huru, anahesabiwa, anapewa namba, anatwikwa mzigo na kupakiwa katika chombo kurudishwa bara. Mzigo uliotuliwa na mzazi umerudi kwa mtoto.

Askofu Weston aliliona hilo. Alikuja Unguja mwaka 1898, akawa askofu mwaka 1908, na mwaka 1916 alijitolea kuwaongoza mwenyewe wapagazi wa Unguja. Alipewa cheo cha meja, akatembea nao kwa miguu upande wa bara, kutoka Bagamoyo kuelekea Dar es Salaam. Vita vilipokwisha, serikali ya nchi yake mwenyewe ilipotaka kuwasukuma Waafrika katika kazi za lazima, aliandika kijitabu kikali mwaka 1920 kuishutumu bila kuuma maneno. Alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924, siku ile ile tunayosoma majina. Ninamheshimu. Lakini angalieni tunavyoisimulia habari yake: "Askofu alikwenda vitani na wapagazi." Askofu ana jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa na picha. Wapagazi wana wingi tu. Nadhani yeye angekuwa wa kwanza kutukemea.

Nimesema walituachia nyimbo. Mtu ambaye hajabeba mzigo anaweza kudhani kuimba ni starehe. Kwa mpagazi wimbo ulikuwa kifaa cha kazi, kama kata iliyowekwa kati ya kichwa na mzigo. Mmoja anatangulia kwa mstari, wote wanaitikia, na kiitikio kinaangukia mguu. Mwenda pole anavutwa, mwenye haraka anazuiwa, na aliyechoka anabebwa na sauti za wenzake mpaka kambini. Yule anayetangulia hana daftari. Anatunga papo hapo, kwa kile kinachoonekana: mto uliofurika, chakula kilichochelewa, mnyapara mwenye kiboko, mwenzao waliyemfukia asubuhi. Kwa wimbo angeweza kumtukana bwana mkubwa mbele ya uso wake, naye bwana mkubwa akatabasamu kwa kudhani anasifiwa. Kwa wimbo alimlilia mama yake bila kuonekana analia.

Nyimbo hizo ni za zamani kuliko vita. Misafara iliyotoka bara ilikuwa ikiimba tangu enzi za pembe za ndovu, na wako wanaosema kwamba hata jina la Bagamoyo lilitokana na kubwaga moyo, mpagazi anapoiona bahari na kujua safari imekwisha. Kwa wapagazi wa Unguja mambo yaligeuka. Wao waliiona Bagamoyo mwanzoni mwa safari, na bahari ilikuwa nyuma ya migongo yao.

Halafu kuna beni. Tunaijua wote, kwani mpaka leo inapita katika vichochoro vya Mji Mkongwe kukiwa na harusi, tarumbeta mbele, ngoma katikati, kina mama wakiitikia nyuma. Ilichipuka katika mwambao wa Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, na jina lake limetokana na neno bendi. Bendi ya vijana wa misheni ya Freretown, watoto wa watumwa walioachwa huru, inatajwa kuwa mojawapo ya chemchemi zake. Vita vile ndivyo vilivyoisambaza beni mpaka ndani kabisa ya bara. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliichukua kambini, na waliporudi waliirudisha ikiwa na mistari mipya ya yale waliyoyaona. Wamisionari wengi waliipiga vita. Waliona majivuno, ulevi na mashindano, na hayo hayakukosekana. Lakini pamoja na ulevi walitupa nje na ushahidi. Mle ndani walikuwamo watu waliokuwa wakisema, kwa njia pekee waliyoijua, mambo ambayo hakuna aliyewauliza.

Basi mtu akiniuliza ni nani mtunzi wa muziki wa wakati wa vita hapa kwetu, jibu langu ni hilo. Ni yule aliyetangulia mstari, mwenye mzigo kichwani, ambaye jina lake hatuna.

Hapa nitatoka kidogo Unguja, nami nitarudi. Miaka michache iliyopita, jioni moja mjini, nilimsikia mgeni akipiga fluti, na kabla ya kupiga akatueleza habari za aliyeitunga kazi hiyo. Niliporudi nyumbani nilizitafuta zaidi. Mtunzi huyo ni Leo Smit, Mholanzi, Myahudi, aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1900. Alisoma muziki katika mji wake, akaishi Paris miaka kadhaa, kisha akarudi kwao mwaka 1937. Mwaka 1940 majeshi ya Hitler yaliivamia Uholanzi. Taratibu, amri baada ya amri, Wayahudi walifukuzwa katika kazi, katika okestra, katika kumbi, hata katika mabustani. Smit alibaki akifundisha wanafunzi nyumbani na kutunga kazi ambazo alijua hakuna ukumbi utakaoziruhusu. Mwezi Februari 1943 alimaliza sonata ya fluti na kinanda. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo huo alisafirishwa kwa gari la moshi mpaka kambi ya Sobibor, Polandi, akauawa. Mkewe, Lien, aliuawa pia. Wayahudi wa Uholanzi waliouawa katika vita vile walizidi 100,000.

Sehemu ya katikati ya sonata ile ni ya polepole. Sijui kuieleza kitaalamu. Fluti inatembea kama mtu anayepita chumba hadi chumba katika nyumba anayoiaga, akishika kila kitu mara moja. Ukumbini pale hakuna aliyekohoa.

Kilichonikamata zaidi ni kilichofuata baada ya kifo chake. Kabla ya kuchukuliwa, Smit alimkabidhi mwanafunzi wake mmoja karatasi zake za muziki azitunze. Kwa miaka karibu hamsini muziki huo ulilala, hautafutwi. Kisha wapiga muziki wa Uholanzi, wakiongozwa na mpiga fluti Eleonore Pameijer, wakaanza kuufukua, na mwaka 1996 wakaanzisha taasisi yenye jina la Leo Smit. Hawakuishia kwake. Wamewatafuta watunzi wengine waliouawa au kunyamazishwa katika vita vile, mmoja mmoja, kwa jina, na kazi zao zinapigwa tena. Watu wa Uholanzi hawakusema, "Wamekwisha kufa, muziki wao utamsaidia nani?" Walielewa kwamba aliyemuua mtu akaizima na sauti yake amemuua mara mbili, na kwamba ile mara ya pili walio hai wanaweza kuirekebisha.

Sifananishi mauaji na mauaji. Kambi ya Sobibor ilijengwa ili kuua, na njia ya wapagazi ilijengwa ili mizigo ifike, bila kujali nani amekufa. Ninachofananisha ni walio hai: wao na sisi. Wao walikuwa na karatasi wakazitafuta. Sisi tulikuwa na watu, wenye nyimbo midomoni, wameketi katika makanisa yetu, na hatukuwauliza.

Sasa naja kwenye kosa langu.

Nilikuwa kijana nikifundisha kwaya katika kanisa moja la shamba. Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimejifunza kusoma noti, na nilitembea kama mtu aliyepewa funguo za mbinguni. Kulikuwa na bibi mmoja, mzee sana, aliyekuwa akifika mapema siku za mazoezi na kukaa chini ya dirisha na khanga yake. Siku moja, vijana wakiwa bado wanakusanyika, alianza kuimba peke yake kwa sauti ya chini. Nikamuuliza ni wimbo gani, kwa sababu haukuwamo kitabuni. Akasema, "Wimbo wa baba yangu, mwalimu. Aliurudisha kutoka vitani. Waliokwenda naye hawakurudi, ukarudi wimbo." Kisha akaniomba jambo dogo. Alitaka kwaya iuimbe mara moja tu, Siku ya Marehemu, kwa sababu akifa yeye hakuna mwingine anayeujua.

Nilimjibu kwa adabu, na kwa adabu hiyo nilimfunga mdomo. Nilimwambia, "Bibi, hizo ni nyimbo za ngoma. Hapa tunaimba za kanisa." Hakubishana. Alisema, "Haya, mwalimu," akajifunika khanga yake. Wiki iliyofuata alikuja kama kawaida na akakaa kimya. Alifariki kabla ya Novemba. Jina lake tulilisoma. Wimbo ukaenda naye.

Hauko wote kaburini. Nusu ya sauti yake ninayo mpaka leo, mstari wa kutangulia na mwanzo wa kiitikio, unapanda kidogo kisha unashuka mara mbili. Maneno sina. Nilikuwa na penseli sikioni siku ile.

Ndugu zangu katika Kristo, nimekwisha kuzisikia hoja za wanaosema tuyaache haya. Nitazijibu zilizo kubwa.

Ya kwanza: vita vile havikuwa vyetu. Ni kweli. Walipigana wafalme wa Ulaya, na sisi tulikuwa majani chini ya tembo. Lakini Kanisa halisomi majina ya marehemu kwa kuuliza vita vilikuwa vya nani. Linauliza aliyekufa ni wa nani. Kadiri mtu alivyolazimishwa kufa kwa jambo lisilo lake, ndivyo anavyozidi kuhitaji wa kumdai.

Ya pili: wengi wao walikuwa Waislamu, je, Kanisa lina kazi gani nao? Bila shaka walikuwa wengi, kama ilivyo Unguja. Walitembea njia moja na Wakristo, wakala unga mmoja mbovu, wakaitikia wimbo mmoja. Sisemi tuwabatize makaburini. Nasema tusikubali kuwa na heshima ndogo kuliko ile ya kambi. Na kama tukienda kwa majirani zetu, katika baraza zao, kuwauliza juu ya babu zao waliokwenda bara wasirudi, huenda tukafanya kazi ya amani kubwa kuliko semina nyingi zenye chai na vitafunio.

Ya tatu: nyimbo za ngoma si za kanisani. Hii ndiyo niliyoitumia mimi, kwa hiyo naijua tumbo lake. Ilitoka katika kiburi, nikaivika kanzu. Sauti nyingi tunazoimba leo kwa machozi zilipokewa huko Ulaya zikiwa nyimbo za wakulima na za mitaani, zikafuliwa, zikawekwa kitabuni. Za wakulima wa Ulaya tumezipokea kama takatifu. Za wapagazi wa Unguja tumeziita ngoma. Nani alitufundisha kupima hivyo? Waisraeli walipokuwa mateka Babeli walilia, wakatundika vinubi vyao mitini, na kilio hicho cha mateka tunakisoma kanisani kama Neno la Mungu. Mungu hakukikataa kwa sababu kilitungwa kando ya mto wa watu wengine.

Ya nne: umechelewa, mwalimu, nyimbo zimepotea. Hoja hii inaniuma, kwa sababu nusu yake ni kweli na nimechangia ukweli wake. Lakini Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo si kanisa, ilitoa ripoti mwaka 2021 na kukiri hadharani kwamba watu wasiopungua laki moja na zaidi, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, tofauti na wenzao wa Ulaya. Ikaomba radhi na kuanza kutafuta. Ikiwa ofisi ya serikali imeona aibu baada ya miaka mia, Kanisa linaloungama kila Jumapili ushirika wa watakatifu litasema limechelewa? Kwa Mungu hakuna aliyechelewa kukumbukwa. Waliochelewa ni sisi.

Tena wapo bado wajukuu na vitukuu. Wapo Mbweni, wapo Ng'ambo, wapo mashamba. Katika nyumba fulani kuna mtu anayembembelezea mtoto wimbo asioujua ulikotoka. Nani amekwenda kuuliza?

Nimalizie kwa Injili. Siku ya mateso ya Bwana wetu, askari wa Kirumi walipoona amechoka, walimkamata mpita njia mmoja aliyekuwa akitoka shamba, wakamlazimisha kuubeba mzigo. Hakuwa mwanafunzi. Hakujitolea. Alitoka Kirene, Afrika ya Kaskazini, na askari hawakumuuliza kama vita vile ni vyake. Kwa desturi za dunia mtu kama huyo haandikwi. Angeandikwa "mpagazi mmoja," na sentensi ikaendelea. Lakini Marko alimwandika Simoni. Hakutosheka na hapo, akataja na wanawe, Aleksanda na Rufo, kana kwamba Wakristo wa kwanza waliwajua vijana hao na kuwauliza habari za baba yao. Kanisa lile la kwanza, dogo, maskini, lenye kuwindwa, lilipata nafasi ya kuandika jina la mpagazi wa Kiafrika na majina ya watoto wake. Sisi tuna kanisa kuu, shule, daftari, simu zenye kunasa sauti, na hatujapata nafasi.

Kwa hiyo nadai, na neno hilo nimelichagua. Nadai kwamba Siku ya Marehemu ijayo, katika kila kanisa la Unguja, wapagazi waombewe kwa kutajwa, na pale ambapo familia ina jina, jina lisomwe. Nadai kwamba vijana wa kwaya watumwe nyumba kwa nyumba na simu zao, kwa Wakristo na kwa Waislamu, wakawaulize wazee wana nyimbo gani za babu zao, na wasimkatize mtu kwa kumwambia hiyo si ya kanisa. Na kila mwalimu wa kwaya anayesoma haya, akimwona bibi amekaa chini ya dirisha anaimba kitu asichokijua, aweke noti chini kwanza.

Kwa upande wangu nimeanza. Ile nusu ya wimbo nimewafundisha vijana wangu. Kwa kuwa hatuna maneno, tunaivuma midomo ikiwa imefungwa, na kiitikio kinapofika mahali ninapokisahau, tunanyamaza. Tutaivuma hivyo hivyo tarehe 2 Novemba, baada ya majina. Ikiwa katika watakaokuwapo yuko mtu ambaye bibi yake au babu yake aliuimba wimbo huo, namwomba asisubiri Misa iishe. Asimame pale pale, atuendelezee.